Reli ya kilo 50 kwa njia za yadi Mombasa: kichwa safi, shida iko chini

Mwenye ghala Shimanzi au Changamwe akitaka njia ya treni ya mita 400 ndani ya yadi yake, karatasi za bei zitakazomfikia huwa na safu moja ambayo kila mtu mezani anaielewa: kilo kwa mita. Kilo 43, kilo 50, kilo 60, na pembeni mtu atamnong'oneza kuwa kuna mitumba ya ratili 80 (kipimo cha zamani cha Kiingereza, uzito wa kila futi tatu za reli) imelala mahali, bei ni ya kuongea. Mjadala hubaki kwenye uzito tu, kama watu wamekwenda buchani.

Tunayoipima hapa ni reli mpya ya kilo 50 ya kiwango cha Kichina, chuma cha U71Mn, kwa njia fupi ya upana wa mita moja, ile ya tangu enzi za reli ya Uganda, inayoingia yadi na kutoka. Tunaipa 7 kwa 10. Alama tatu zilizokatwa zimekatwa kwa mambo yaliyo chini ya kichwa cha reli, na Mombasa ndiko yanakouma zaidi.

Tuanze na jina, maana hapo ndipo pesa huanza kupotea. Reli ya kilo 50 haina kilo 50. Uzito wake ni kilo 51.514 kwa mita, kimo milimita 152, unyayo, yaani sehemu ya chini, milimita 132, kichwa kinachokanyagwa na gurudumu milimita 70, shingo iliyo kati yake milimita 15.5. Ya kilo 43 ni 44.653, na ya kilo 60 ya Kichina ni 60.64. Njia ya mita 400 ina mistari miwili, kwa hiyo mita 800 za reli, kwa hiyo tani 41.2. Muuzaji anayeuza kwa tani huku akikuhesabia mita kwa kilo 50 kamili atakuletea tani 40, na utakosa mita 23 za reli siku mafundi wanakaribia lango. Nunua kwa mita, lipa kwa mita, uzito uwe wa kuhakikisha tu.

Kilo 60 nayo si moja. Ile ya Ulaya, 60E1, ni kilo 60.21 na kimo chake milimita 172. Ya Kichina ina kimo cha milimita 176. Zikiwa zimelala kwenye trela huwezi kuzitofautisha kwa macho, lakini ukiziunga, gurudumu linapanda ngazi ya milimita 4 kila linapopita. Na kuna mtego wa tatu, wa karibu na bandari: reli za kreni. A75 ina kilo 56.2 kwa mita, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana nzito kuliko hamsini. Kimo chake ni milimita 85 tu, unyayo milimita 200, na imeundwa ilale juu ya zege au boriti kwa urefu wake wote. Ukiitandaza juu ya mataruma, zile boriti za kukalia reli, inapinda katikati ya taruma na taruma kama ubao wa kitanda. Ina uzito, lakini uzito umekaa mahali pengine.

Je, hamsini inatosha?

Chukua ekseli ya tani 18, yaani tani 9 kwa kila gurudumu, mwendo wa yadi, na uongeze asilimia 30 kwa ajili ya mtikisiko. Chukua pia kitanda cha njia kilicho laini, chenye ugumu wa newtoni 20 kwa milimita ya mraba, hali ya kawaida kwa yadi ambayo kokoto zake zimeshachanganyika na udongo. Kwa hesabu ya boriti iliyolala juu ya springi, mkazo wa kupinda kwenye unyayo unatoka karibu megapaskali 117 kwa reli ya kilo 43, 96 kwa kilo 50, na 78 kwa kilo 60. Chuma chenyewe kinatakiwa kistahimili angalau megapaskali 880 kabla ya kukatika. Hata ukiongeza mkazo wa joto na wa kona, zote tatu zimepita mtihani, na hamsini imepita ikiwa na nafasi ya kutosha.

Linalofurahisha ni upande wa kuzama. Chini ya gurudumu hilo la tani 9 likiwa limesimama, reli ya kilo 43 inazama karibu milimita 2.5, ya kilo 50 milimita 2.3, ya kilo 60 milimita 2.1. Umeongeza kilo 16 za chuma kila mita, ukapata nafuu ya milimita 0.4. Sasa iache hamsini mahali pake, uboreshe kitanda mpaka ugumu ufike 40, na kuzama kunashuka hadi milimita 1.4. Nafuu hiyo ni zaidi ya mara mbili ya ile uliyoipata kwa kuruka kutoka 43 hadi 60, na imetoka kwenye mawe.

Kwa njia yetu ya mita 400, kupanda kutoka hamsini hadi sitini ni tani 7.3 za ziada. Pesa hizo ziende kwenye kokoto za jiwe gumu lenye kingo, ukubwa wa milimita 25 hadi 60, kina kisichopungua milimita 250 chini ya taruma, na mtaro wa kutoa maji. Jiwe la matumbawe lililopondwa lisikaribie njia hata kama limechimbwa hapohapo uani. Chini ya mzigo linasagika likawa unga, masika ikija linakuwa uji, na taruma linaanza kuning'inia kwenye reli badala ya reli kulikalia. Mataruma yakiwa yamepangwa kila milimita 650, moja tu likining'inia reli inabeba mwanya wa milimita 1,300. Hapo ndipo hesabu ya juu inapovunjika, na mtu akaanza kuilaumu reli.

Kwa nani basi hamsini haitoshi? Kwa yadi itakayopokea ekseli za tani 25 kila siku, au njia inayounganishwa na SGR, reli mpya ya kisasa, kule Miritini au Port Reitz. Hiyo ni njia nyingine kabisa, upana wa milimita 1,435, na mchoro wake una masharti yake. Njia yoyote ya binafsi, ya upana wowote, sehemu inayoungana na njia kuu hukubaliwa kwanza na Shirika la Reli. Usinunue hata bolti kabla ya mchoro huo kurudi na sahihi, kwa sababu swichi ya kuingilia, pale njia yako inapoachana na njia kuu, ndiyo itakayokuambia reli yako iwe ya aina gani mwisho wake.

Chuma

U71Mn ni chuma cha kawaida cha reli, ndugu wa R260 ya Ulaya: kaboni ya asilimia 0.65 hadi 0.76, manganizi ya kutosha, ugumu wa Brinell wa 260 hadi 300 hivi. Kwa yadi kinatosha. U75V ni kigumu zaidi, megapaskali 980, na tungekiweka kwenye mstari wa nje wa kona kali peke yake, ambako ubavu wa kichwa huliwa na ukingo wa gurudumu. R350HT, iliyopikwa kichwa kwa joto, ni ya njia nzito zenye kona nyingi. Kuinunua kwa yadi ya mwendo wa kilomita 10 kwa saa ni kuvaa kanzu ya harusi kwenda kuvua samaki.

Cheti cha kiwanda ndicho kinachothibitisha chuma, na cheti kina namba ya tanuri, yaani ya kila mpiko wa chuma. Namba hiyohiyo imegongwa kwenye shingo ya reli, upande mmoja, na upande wa pili kuna maandishi yaliyojitokeza: alama ya kiwanda, mwaka, aina ya reli, aina ya chuma. Cheti kikiwa na matanuri matatu na rundo lina manane, ujue unauziwa mabaki ya oda za watu. Shehena ije pia na hati ya ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa inayotakiwa na KEBS, shirika la viwango la Kenya, maana bila hiyo reli zitalala bandarini zikikurundikia ada.

Kuna mafundi wanaokuja na kipimo cha ugumu cha kudunda, kile cha mkononi, wakapima juu ya ganda la kiwandani na kutangaza kuwa reli ni laini. Ganda la juu la reli mpya limepoteza kaboni wakati wa kuviringishwa, hadi karibu nusu milimita. Saga nusu milimita hiyo kwanza, upate sehemu inayong'aa kama sarafu mpya, ndipo upime. Vinginevyo utakataa reli nzuri au, mbaya zaidi, utakubaliwa punguzo la bei kwa kosa lisilokuwepo na kulipia ukaguzi mara ya pili.

Unyayo

Hapa ndipo alama mbili kati ya tatu zimepotea. Reli ya bara hufa kwa kichwa: inalika, inapasuka juu, inabadilishwa. Reli ya yadi ya Mombasa kichwa chake huweza kubaki na milimita zake karibu zote huku unyayo umeliwa. Treni zinazopita ni chache na chumvi iko kazini usiku na mchana. Upepo wa kusi unaleta unyevu wa bahari mpaka ndani ya yadi, vumbi linaupokea, kokoto chafu zinauhifadhi. Ukingo wa unyayo wa reli ya kilo 50 ni mwembamba, karibu milimita 10 na nusu ukiwa mpya. Ukipoteza milimita 3 hapo hujapoteza uzito wa maana, kwa hiyo mzani hautakuambia kitu, lakini umetengeneza ukingo wenye meno, na kila jino ni mwanzo wa ufa. Zile megapaskali 96 zilizoonekana ndogo kule juu huwa zinavuta unyayo kila gurudumu linapopita. Chuma chenye uso safi kinavumilia. Chenye vishimo vya kutu hakivumilii muda mrefu.

Sehemu tatu ndizo huliwa kwanza. Moja ni chini ya klipu, ambako maji hujificha kati ya chuma na pedi. Ya pili ni kwenye fishpleti, vile vyuma bapa vya kuungia ncha za reli kwa bolti. Ya tatu, mbaya kuliko zote, ni kwenye kivuko cha malori. Reli inapozikwa ndani ya zege au lami ili trela za kontena zipite, ule mfereji wa ukingo wa gurudumu hujaa mchanga, grisi na maji ya chumvi, na unyayo unakaa kwenye tope hilo wakati wote bila mtu kuuona. Juu kila kitu kinang'aa kwa matairi. Siku zege likivunjwa, unakuta unyayo umebaki mwembamba kama upanga wa kukatia nazi.

Reli hii inauzwa bila rangi yoyote, na ndiyo lawama yetu kubwa kwa bidhaa yenyewe inapoletwa pwani. Kwa sehemu ya kivuko, agiza reli zilizopigwa mchanga zikapakwa epoksi ya lami ya makaa kwenye shingo na unyayo, kichwa kiachwe wazi. Kama muuzaji hana, fanya mwenyewe kabla ya kutandaza: kutu yote itoke mpaka chuma cheupe, chumvi ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi, ikauke, ipakwe siku hiyohiyo tabaka mbili. Kupaka juu ya chumvi ni kuifungia ndani, rangi itainuka kama mkate wa mofa. Kwenye kivuko usiweke maungo ya bolti kabisa. Unga reli kwa kuchomelea ili kipande kimoja kipite kivuko chote na kitokeze angalau mita kadhaa kila upande. Na mfereji wa ukingo uwe na tundu la kutoa maji, si bakuli.

Kwa njia ya wazi rangi si lazima. Inatosha kokoto zisiguse unyayo: ziishie chini yake, upepo upite. Ni kazi ya jembe, haina gharama, na ni nadra kuiona ikifanywa.

Mitumba ya ratili 80

Wapinzani wa kweli wa hamsini mpya si sitini bali ni hizi. Reli za kwanza zilizoanza safari Kilindini mwaka 1896 zilikuwa za ratili 50 kwa yadi ya futi tatu, hazifiki kilo 25 kwa mita, na ndizo zilizofika Kisumu mwaka 1901. Zilizofuata zikawa nzito zaidi, na ratili 80 ndizo mtu hukutana nazo zaidi akitafuta za mkono wa pili. Ratili 80 ya kiwango cha Kiingereza, BS 80A, ni kilo 40 kwa mita kasoro kidogo, kimo milimita 133.35, unyayo 117.5, kichwa 63.5. Kwa yadi ya mwendo mdogo, ikiwa nzima, inafanya kazi. Lakini rahisi huvunja upishi, na hapa upishi huvunjika kwa njia mbili.

Ya kwanza ni karatasi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka 2015 inataka anayeuza awe na leseni, na reli ni mali inayojulikana mwenyewe. Mapema mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara yote ya vyuma chakavu kwa muda baada ya miundombinu kuharibiwa, na tangu hapo trela lenye reli barabarani haliachi kuulizwa maswali. Bila hati inayoonyesha reli zilitolewa wapi na kwa mnada au mauzo gani, usipakie.

Ya pili ni uchovu wa chuma. Kimo ndicho cha kwanza kupima: kalipa ikisoma milimita 125, kichwa kimepoteza zaidi ya 8. Pita na rula ya chuma ya mita moja kwenye ncha, uone zilivyopondeka. Kisha geuza reli miguu juu. Wauzaji hawapendi hili, na ndiyo sababu ya kulifanya. Piga kutu kwa nyundo ndogo mpaka magamba yaishe, ndipo upime ukingo wa unyayo kila nusu mita, maana kutu iliyovimba huongeza unene wa uongo. Chini ya milimita 8, weka kando.

Matundu ya bolti yana mtihani wake wa bei ya chupa moja ya mafuta ya taa. Safisha shingo kuzunguka tundu kwa brashi ya waya. Paka mafuta ya taa, ngoja dakika kumi, futa kwa kitambaa kikavu mpaka pasiwe na unyevu. Sugua chaki nyeupe juu yake, kisha gonga kichwa cha reli kwa nyundo mara mbili tatu. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanarudi juu na kuchora mstari mweusi kwenye chaki, mara nyingi ukitoka tundu kwa mshazari wa nyuzi 45, mwembamba kama uzi wa cherehani. Ncha yenye mstari huo ikatwe yote. Lakini mafuta ya taa hayaoni ndani ya kichwa. Reli za zamani zilitengenezwa kabla ya viwanda kuanza kutoa haidrojeni kwenye chuma kwa ombwe, na nyufa zake huanzia ndani kama figo ndogo na kukua kimya. Kwa hizo ni mashine ya mawimbi ya sauti tu. Ukiongeza gharama ya mashine, ya kukata ncha na ya fishpleti zisizouzwa tena madukani, bei ya kuongea inaanza kuongea lugha nyingine.

Kuunga hamsini mpya na ratili 80 pamoja kunahitaji fishpleti maalumu ya saizi mbili, kwa sababu tofauti ya kimo ni milimita 18.65 na vichwa vinatofautiana milimita 6.5. Vichwa vilingane juu na upande wa ndani. Tofauti yote iende chini na nje. Kuweka kipande cha bamba chini ya unyayo na kuchomelea, kama inavyofanyika, ni kungoja siku.

Urefu, joto na maungo

Kipande cha kawaida cha reli ya kilo 50 ni mita 12.5 au 25. Kontena la futi 40 lina urefu wa ndani wa mita 12.03. Kwa hiyo ama reli zije kama mzigo wa wazi melini, ama zikatwe mita 11.8 zipite mlangoni. Kwa oda ndogo kontena ni nafuu: kipande cha mita 11.8 kina kilo 608, na vipande 68 vya njia yetu vinaenea kwenye makontena mawili. Sharti ni moja, zikatwe na kutobolewa kiwandani. Zikikatwa hapa, msumeno au diski. Gesi isiguse reli. Moto wa gesi huacha ncha ngumu na yenye kuvunjika kama kioo, na tundu lililotobolewa kwa gesi ni ufa uliolipiwa. Matundu ya kilo 50 ni matatu kila ncha, kipenyo milimita 31, la kwanza milimita 66 kutoka mwisho, linalofuata 150 mbele, la tatu 140 mbele yake. Fishpleti ni ya milimita 820, bolti sita za M24.

Katika kushusha, shika sehemu mbili, robo ya urefu kutoka kila ncha. Mnyororo mmoja katikati hukunja reli kidogo tu, kiasi cha kutoonekana yadini na kuonekana kila siku njiani.

Kuhusu joto, reli ya chuma hurefuka sehemu 11.5 kwa kila milioni kwa nyuzi moja. Hewa ya Mombasa ikifika nyuzi 33, reli juani huwa juu yake kwa nyuzi 20 hivi, tuseme 55 kwa usalama. Kipande cha mita 12.5 kikitandazwa asubuhi kikiwa na nyuzi 30 kitahitaji milimita 3.6 za kurefuka. Kikitandazwa alasiri kikiwa na 45, milimita 1.4. Kwa hiyo vibanzi vya kupimia mwanya viwe vya unene tofauti, na anayeviweka awe na kipimajoto cha sumaku kwenye shingo ya reli, upande wa kivuli. Kipimajoto cha hewa hakimsaidii. Mafundi wakibana reli bila mwanya alfajiri ikiwa na nyuzi 25, mchana wa nyuzi 55 kila mstari unasukuma kwa nguvu ya karibu tani 48. Njia haitaomba ruhusa kwenda pembeni.

Ukiamua kuchomelea kwa unga wa thermiti, chagua kifurushi cha kilo 50 na cha chuma hicho, si cha kilo 60 kilichobaki kazi nyingine. Nafasi baina ya ncha ni milimita 25 hivi. Ncha ziinuliwe kidogo, milimita 1.5 hadi 2 kwa rula ya mita moja, kwa sababu zikipoa zinashuka. Kinacholeta aibu pwani ni unyevu: kalibu za mchanga zilizolala usiku nje ya katoni hufyonza maji, na maji yakikutana na chuma kilichoyeyuka yanakuwa mvuke, mvuke unakuwa matundu ndani ya ungo. Kalibu iliyolowa haikaushwi na kutumiwa. Inatupwa.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kulipa ni unyayo na taruma. Taruma la zege lenye mabega ya unyayo wa milimita 150 halishiki unyayo wa 132, reli itacheza milimita 18. Lenye mabega ya 127 halitaupokea kabisa. Mwinamo nao: mataruma ya mtindo wa Kiingereza huinamisha reli ndani kwa 1 kwa 20, ya Kichina 1 kwa 40. Magurudumu yenye mteremko wa 1 kwa 20 yakikanyaga reli iliyoinamishwa 1 kwa 40, ule mstari unaong'aa juu ya kichwa husogea upande wa ndani na kona ya kichwa huliwa mapema. Uliza mabehewa yatakayoingia ni ya mteremko gani, ndipo uagize taruma.

Oda iandikwe hivi, neno kwa neno, na muuzaji aweke sahihi chini yake: reli ya kilo 50 kwa mita, uzito kamili 51.514, chuma U71Mn, mita 800 katika vipande vya mita 11.8 vilivyokatwa kwa msumeno na kutobolewa kiwandani 66, 150, 140, kipenyo 31. Fishpleti jozi 68 na bolti 408 za M24 pamoja na nati na washa, asilimia 5 za ziada. Mataruma 616 ya zege ya upana wa mita moja kwa unyayo wa milimita 132, klipu na pedi zake. Vipande vya kivuko vimepakwa epoksi shingo na unyayo. Cheti cha kiwanda chenye namba za tanuri zinazolingana na zilizogongwa. Ukaguzi ufanyike reli zikiwa zimegeuzwa miguu juu.